Kabla hujamwambia fundi "we funga tu": omu, erthi na amplifaya mbili kwenye IST yangu

Amplifaya yangu ya kwanza ilifia Chalinze. Tulikuwa tunaenda Morogoro kwenye sendofu ya binamu yangu, watu watano ndani ya IST, buti lote limemezwa na boksi la sabufa mbili za inchi 12 kwa hiyo mabegi tumeyapakata. Kuanzia Mlandizi ile amplifaya ya sabufa ikawa inakata inarudi, inakata inarudi, taa ndogo nyekundu ya protekti, yaani amplifaya imejizima kujilinda, inawaka, mi nazima redio nasubiri dakika mbili nawasha tena, na kila besi ikirudi watu wanashangilia kama kafungwa mtu goli. Chalinze tukasimama kununua mananasi, nafungua mlango wa nyuma nikakutana na harufu ya plastiki iliyosahaulika juu ya jiko la mkaa. Nikaigusa amplifaya, mkono ukarudi wenyewe. Toka hapo mpaka Moro tulisikiliza injini.

Sasa fundi aliyenifungia hakuwa tapeli, hilo niliseme mapema. Aliniambia "bosi hapa nimekutolea mzigo wote" na kweli alinitolea, tatizo ni kwamba mzigo wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko ile amplifaya ilivyoandikiwa. Ilikuwa imeandikwa pembeni kabisa, kwa maandishi madogo, mwisho wa kushuka omu 2. Yeye kaifungia omu 1.

Tuelewane hapa maana ndo penye shida ya watu wengi. Omu ni kiasi spika inavyoubania umeme usipite. Omu zikiwa ndogo umeme unapita mwingi, amplifaya inafanya kazi zaidi na inachemka zaidi. Fikiria simtanki: ukifunga spika mbili kwa paraleli, yaani chanya na chanya, hasi na hasi, ni kama umefungulia koki mbili kwa mpigo, maji yanatoka mara mbili. Spika mbili za omu 4 zinageuka omu 2. Ukizifunga sirizi, yaani hasi ya ya kwanza inaingia kwenye chanya ya ya pili, hapo ni kama umeunga mpira mrefu kwenye koki moja, maji yanapungua, omu 4 na 4 zinakuwa 8. Basi. Hesabu yote ya mfumo wa gari ni hiyo hiyo inarudiwarudiwa.

Kilichoniponza mimi ni kwamba sabufa zangu kila moja ina koili mbili (ule waya uliosokotwa unaosukuma koni) za omu 4, kwa hiyo boksi zima lina koili nne. Ukizipiga zote paraleli unapata omu 1. Ukifunga kila sabufa koili zake sirizi inakuwa 8, halafu sabufa mbili kwa paraleli unarudi 4. Zote nne sirizi ni 16. Sasa angalia vizuri: 1, 4, 16. Omu 2 haipo! Hata ukeshe, kwa sabufa mbili za aina hiyo zote zikiwa zinafanya kazi sawasawa huipati 2, na amplifaya yangu ndo ilikuwa inataka 2 ili itoe zile wati 600 zilizoandikwa kwenye boksi lake. Ningenunua sabufa za koili mbili za omu 2 ingetoka yenyewe, kila moja sirizi 4, mbili paraleli 2. Kwa hiyo ushauri wangu namba moja, usinunue amplifaya leo na sabufa mwezi ujao kwa sababu hela imepatikana, uliza koili kwanza ndo uchague amplifaya.

Nilinunua amplifaya nyingine ileile nikafunga omu 4. Kwenye karatasi nguvu imeshuka karibu nusu. Masikioni? Nusu ya wati ni desibeli 3 tu za kipimo cha sauti, unaisikia ukiambiwa, usipoambiwa hujui. Vijana wanaotafuta omu 1 kwa nguvu zote mi nawaangalia tu siku hizi.

Na kubriji nako kuna mtego. Ukiwa na amplifaya ya chaneli nne, yaani njia nne za kutolea sauti, ukabriji mbili, yaani uziunganishe ziendeshe spika moja ya omu 4, kila chaneli inaiona hiyo spika kama omu 2. Ukibriji halafu ukaweka omu 2, kila moja inaona 1, na hapo unajua tunaelekea wapi. Chalinze.

Milangoni mambo ni mepesi, spika nne, chaneli nne, kila moja na yake, usiunganishe kitu. Vitwita, vile vispika vya sauti nyembamba, vikiwa na kapasita yake unaweza kuvidandia kwenye waya za spika ya mlango bila wasiwasi maana kapasita inazuia besi isipite. Ila kuna fundi mmoja nilimkuta anakusanya hasi za spika zote za redio anazifunga kwenye bodi ya gari ili aokoe waya, aisee msikubali hiyo. Redio za sasa hasi ya spika sio erthi, yaani sio hasi ya betri inayopita kwenye bodi, ina umeme wake, ukiigusisha bodi unaua chipu ya redio.

Tuje kwenye umeme wa kuingia, hapa ndo nilipata funzo la pili. Amplifaya mbili, moja ya sabufa moja ya milango. Nilipiga hesabu hivi: wati 600 za mwisho wake, hata kama kwa omu 4 haifiki hapo, amplifaya ya klasi D, ile aina isiyopoteza umeme mwingi, inatumia vizuri kama asilimia 80, kwa hiyo inavuta kama wati 750, gawa kwa volti 13.8 za gari likiwa linaunguruma, ampia 54. Ile ya milango ni wati 60 mara nne, klasi AB inapoteza karibu nusu kwa joto, weka ampia 30 na kitu. Jumla inakaribia 90 ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Muziki hauvuti hivyo muda wote, unaruka na kushuka, lakini waya unauchagua kwa siku mbaya. Kwa hiyo waya namba 4 wa kopa halisi kutoka betri mpaka nyuma, pale nyuma ndo unaugawa kwa bloku kwenda kwa kila amplifaya. Kumbuka namba ikishuka waya unanenepa, namba 8 ni mwembamba kuliko 4, mi mwenyewe nilishawahi kubishana dukani nikiwa nimekosea.

Halafu Kariakoo utauziwa waya mnene, mwekundu, unang'aa, bei ya huruma. Omba wakukatie kipande, toa uzi mmoja ukwaruze na kisu. Ukiona kwa ndani ni mweupe kama sufuria, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa kopa juu. Siyo kwamba haifanyi kazi, inafanya, ila inabidi upande saizi, badala ya namba 4 chukua namba 2 au 1. Muuzaji alivyoniona nakwaruza akaniambia "kaka we nunua au acha".

Fyuzi. Fundi aliniwekea nyuma, karibu na amplifaya, imekaa vizuri inawaka taa ndogo ya bluu. Nilivyokuja kufungua mwenyewe nikakuta pale waya unapopita kwenye ukuta wa bati kutoka kwa injini kuingia ndani hakuna raba, plastiki imeshaliwa upande mmoja na kopa inachungulia, imebaki kama unene wa kucha kugusa bati. Ingegusa, betri yote ingemwagika pale na ile fyuzi ya nyuma ingekuwa inatazama tu, kwa sababu fyuzi inalinda kipande cha waya kilicho mbele yake, haiwezi kulinda kilichotoka betri kuja kwake. Fyuzi kubwa inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, mimi nimeweka ya ampia 100. Na tundu la bati weka raba, ya mia tano.

Erthi sasa. Baada ya kufunga amplifaya ya pili ikaanza ile "wiiiiii" inayopanda ukikanyaga mafuta. Nikabadilisha waya za RCA, zile zinazobeba sauti toka redio kwenda kwenye amplifaya, bado. Nikabadilisha redio! Hela imeenda, bado. Kumbe amplifaya moja ilikuwa imechukua erthi kwenye bolti ya mkanda na nyingine kwenye skurubu iliyopigwa juu ya rangi, tofauti ndogo ya volti kati ya hizo sehemu mbili ndo ilikuwa inaimba kwenye spika. Nikachagua sehemu moja ya bodi, nikapiga msasa mpaka bati likawa jeupe, nikazifunga zote mbili hapo kwa waya mnene sawa na wa chanya, mfupi usiozidi nusu mita. Kimya. RCA nazo zipite upande mwingine wa gari, mbali na waya wa betri.

Waya wa rimoti, ule unaoiambia amplifaya iwake au izime, utoke kwenye redio, kwa kawaida ni ule wa bluu wenye mstari mweupe. Ukimwacha fundi akauunga kwenye umeme wa moja kwa moja, asubuhi utasukuma gari na majirani wakikuangalia.

Geni, kile kitufe cha kuzungusha kwenye amplifaya, sio volyumu, naomba hili lieleweke. Ishushe mpaka chini, redio ipandishe robo tatu, kisha panda na geni taratibu mpaka sauti ianze kukwaruza, rudi nyuma kidogo, achana nayo. Na besi ikionekana imepotea wakati sabufa zinacheza kweli kweli, chukua betri ndogo ya saa ya ukutani uguse waya za kila sabufa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa sekunde moja, koni zote zinatakiwa kutoka nje. Moja ikiingia ndani umegeuza chanya na hasi, zinauana.

Mwisho kabisa, kabla hujachomeka waya wa boksi kwenye amplifaya, weka testa kwenye omu upime zile ncha mbili. Boksi la omu 4 litakusomea kama 3.4 au 3.6, hiyo iko sawa, testa huwa inasoma chini kidogo. Ikikusomea 0.9 usiwashe, hata fundi akisema "bosi hii iko poa".