Uliuliza nyumba, ukajibiwa pikipiki

*Shangazi, mume wangu anataka tuweke nyumba yetu rehani benki, tupate milioni 12 za pikipiki mbili za boda boda. Nikiuliza tukishindwa kulipa itakuwaje, ananiambia sipendi maendeleo, mbona kaka zake wote wamekubali. Eti boda boda zimezaliwa hapa hapa Busia, zitatushindaje? Juzi kaleta karatasi nitie sahihi, mwisho Ijumaa. Watu wa kwao wote ni wakaidi. Nimechoka kubishana. – Mama Wawili, Busia, Uganda*

Mama Wawili, pole mwanangu. Sina ugomvi na pikipiki. Kinachonisumbua ni kwamba umeuliza swali moja na mpaka leo hujajibiwa.

Uliuliza nyumba, ukajibiwa tabia yako. Tangu hapo unajitetea wewe, na deni halizungumzwi tena. Ukaletewa kaka zake. Haya, wamekubali, lakini nyumba ikiuzwa, ni wao watakaolala nje na watoto? Kisha Ijumaa! Mkopo si nyanya, hauozi. Mtu akikukimbiza hivyo, hataki ulale ukaamka na maswali.

Hilo la Busia nimelicheka, maana ni kweli tupu. Jina la boda boda lilitokana na baiskeli zilizovusha watu hapo mpakani kwenda na kutoka Kenya. Sasa niambie, ukweli huo utalipa rejesho la mwezi gani? Hapa ndipo wengi tunanaswa. Tumejizoeza kukagua uongo tu, kwa hiyo neno la kweli lisilohusika linapita mlangoni bila hodi.

Karatasi usiitie sahihi kwanza. Sheria ya Ardhi ya 1998 na Sheria ya Rehani ya 2009 zinataka ridhaa ya mke au mume wa ndoa kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Ndiyo maana imeletwa kwako. Hukuombwa kwa heshima tu.

Jioni akishakula, kaka zake wakiwa kwao, chukua daftari. "Baba watoto, huenda wazo lako ni zuri. Tuandike: dereva ataleta hesabu ya shilingi ngapi kwa siku? Benki inataka ngapi kwa mwezi? Pikipiki ikilala kwa fundi wiki mbili, tunalipa na nini?" Akirudi kwenye maendeleo, usimfuate huko. Rudia swali lilelile, kwa maneno yaleyale, sauti chini.

Nawe nikuseme kidogo. "Watu wa kwao wote ni wakaidi" ni mchezo uleule, ila safari hii umenichezea mimi. Ukilitamka hilo usiku huo, mtagombana kuhusu mama mkwe hadi jogoo awike, na swali la nyumba utakuwa umeliua mwenyewe.

Akileta hesabu zikakaa sawa, usimnunie. Kuna Ijumaa nyingine za kutia sahihi.