Re: Ninunue hisa kabla majibu ya kisima hayajatoka?

Mkuu, umeuliza kama ukimya wa kampuni baada ya kupima kisima cha gesi ni dalili nzuri, na kama uingize hela ya ada ya mtoto kabla tangazo halijatoka. Mimi nisingenunua kwa sababu hiyo. Ukimya hausemi lolote. Gesi ikishatiririshwa, kisima hufungwa ili wahandisi waone presha inavyopanda tena, na hapo ndipo wanapoanza kupata picha ya hifadhi ya gesi iliyoko chini ya ardhi. Kazi hiyo huweza kuchukua siku nyingi.

Namba ya kwanza ndiyo inayowapoteza wengi. Futi za ujazo milioni 20 kwa siku, zilizopimwa saa chache tu kupitia tundu pana (tundu ni njia ya kutolea gesi juu ya kisima) huku presha ikiporomoka, na milioni 8 kupitia tundu dogo kwa siku tatu, presha imetulia: ningechukua hizo 8. Tangazo likitaja kiwango tu bila tundu, muda na presha, kaa chonjo.

Halafu soko. Angalia Ntorya, eneo la gesi kule Mtwara. Kisima cha kwanza kilitoa takriban futi za ujazo milioni 20 kwa siku kwenye majaribio ya mwaka 2012, cha pili milioni 17 mwaka 2017. Majibu mazuri kweli! Lakini wenye hisa za Aminex, kampuni yenye sehemu ya mradi huo iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la London, walisubiri zaidi ya miaka 10, kwa sababu gesi hailipi mpaka kuwe na bomba na mkataba wa mauzo.

Hela ya ada usiiguse kabisa, nakuomba.