Jibu: Kwa nini Johnston hakuiamini Jamhuri ya China?

Ndugu, umeuliza kama Reginald Johnston, afisa wa kikoloni wa Uingereza, aliibeza Jamhuri ya China kwa dharau ya kikoloni tu. Dharau peke yake haitoshi kumweleza. Tangu 1904 alitumikia Weihaiwei, kipande cha jimbo la Shandong nchini China ambacho Waingereza walikikodi mwaka 1898. Huko alikuwa hakimu aliyesikiliza kesi kwa Kichina: mipaka ya mashamba, urithi, ugomvi wa kifamilia. Aliamua kwa mila za wenyeji, na mambo ya kila siku yalibaki kwa wazee wa vijiji. Hapo akaamini kwamba China inasimama juu ya ukoo na mafundisho ya Confucius, si bunge.

Baada ya mapinduzi ya 1911, yaliyouondoa ufalme na kuleta jamhuri, alipata hoja za kutosha dhidi ya jamhuri hiyo. Rais wake, Yuan Shikai, alijitangaza mfalme mwishoni mwa 1915, na alipokufa majenerali wakagawana nchi.

Lakini namkatalia. Mwaka 1919, alipoanza kumfundisha Puyi, mfalme wa mwisho aliyeondolewa, maelfu ya wanafunzi waliandamana Beijing kupinga haki za Ujerumani katika Shandong, jimbo lilelile alilolijua, kukabidhiwa Japani. Hao nao walikuwa China, na mawazo yake hayakuwapa nafasi. Weihaiwei yenyewe ilirudishwa kwa Wachina tarehe 1 Oktoba 1930, na aliyeikabidhi ni Johnston.