Huo weupe chini ya plasta si usaha
Ukiona weupe chini ya plasta uliyobandika kwenye lengelenge, usiibandue kwanza, ndugu yangu. Kama lengelenge halikuumi zaidi ya jana, huo uvimbe mweupe ulioota chini ya plasta ya haidrokoloidi, ile inayonyonya maji, ni maji ya kidonda tu. Plasta ina jelatini, pektini na selulosi. Ikinyonya maji inageuka utelezi mzito kama uji. Ngozi mpya hutambaa upesi kwenye unyevu huo kuliko chini ya kigaga kikavu.

Iache hata siku 3 hadi 5, mpaka ianze kuvuja au kuachia pembeni. Kuitoa, usiinyanyue kwenda juu, utachuna ngozi changa! Shika ukingo, uvute taratibu sambamba na ngozi, itanyumbuka na kuachia. Utasikia kaharufu, osha kwa maji safi ndipo ukague.

Plasta mpya ya kubandika tena izidi kidonda kama sentimita 2 kila upande, juu ya ngozi kavu isiyo na mafuta, kisha ikandamize kwa kiganja ipate joto.

Ila maumivu yakizidi, pakawa pa moto au uvimbe ukasambaa, itoe ukaonane na daktari. Mwenye kisukari na kidonda cha mguuni aanzie huko huko kwa daktari.