Mboga Zimedumaa Kivulini: Je, Niongeze Mbolea?

SWALI: Bwana Shamba, naishi Moshi, na nyuma ya nyumba nina bustani ndogo chini ya mparachichi mkubwa, inayopakana na ukuta wa jirani upande wa kaskazini. Nimepanda sukuma wiki, mchicha, nyanya na hoho, lakini tangu mwezi wa tano miche imedumaa, mashina ni membamba na majani yamepauka. Nimeshauriwa niweke mbolea ya yurea. Je, itasaidia?
Mama wa nyumbani, Moshi

JIBU: Mama, nakusihi usiweke yurea kwa sasa. Shina jembamba lililorefuka ni dalili ya mmea unaotafuta mwanga, na ukiulisha naitrojeni nyingi iliyomo kwenye yurea ilhali haupati jua la kutosha, utatoa machipukizi laini yanayoanguka upesi na kuwavutia vidukari. Hata hivyo, ng'oa kwanza mche mmoja wa nyanya ukague mizizi yake, kwa sababu ukikuta vinundu, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, yaani minyoo wadogo sana wanaoshambulia mizizi, na tuta hilo halifai tena kwa nyanya wala hoho msimu huu.

Mizizi ikiwa safi, chagua siku isiyo na mawingu, ulitazame tuta kila baada ya saa moja tangu asubuhi hadi jioni, ukiandika jua linaligusa moja kwa moja kwa jumla ya saa ngapi kwa siku. Nyanya na hoho huhitaji angalau saa 6, na mchicha nao hupenda jua kali. Sukuma wiki, spinachi na giligilani hustahimili saa 3 au 4, ingawa hukua polepole zaidi.

Ukuta huo una sehemu kubwa katika shida yako kuliko inavyodhaniwa. Mwezi Juni jua la adhuhuri huko Moshi huelemea kaskazini, hivyo ukuta wenye urefu wa mita 2 hutupa kivuli cha takriban mita 1 kwenye bustani yako hata katikati ya mchana, na kivuli hicho huondoka kufikia Desemba, jua linapokuwa limehamia kusini. Sogeza tuta mbali na ukuta kwa kiasi hicho au zaidi, na uliache eneo la ukutani hadi msimu ubadilike.

Kuhusu mparachichi, pogoa matawi ya chini ili jua la asubuhi na la jioni lipenye, lakini usilime kwa kina karibu na shina, kwani mizizi yake mingi iko juu juu na ndiyo inayokunywa maji unayomwagilia mboga. Kwa hiyo nyanya na hoho zihamishie kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, uziweke penye jua, na shina la nyanya ulifukie hadi karibu na majani ya kwanza, maana litatoa mizizi mipya. Sukuma wiki ipandishie udongo shinani. Mchicha haustahili kuhangaikiwa: ng'oa, upande upya penye jua, nao utauchuma baada ya wiki chache.

Chini ya mti wenyewe panda mnafu na magimbi, kama ilivyozoeleka katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, chini ya migomba.

Majani ya zamani hayatarudia rangi yake, hivyo pima maendeleo kwa majani mapya. Yakitoka yenye kijani kilichokoza na kukaribiana kwenye shina, hapo ndipo uongeze samadi iliyooza vizuri.