Kadi Ni Kapu, Si Ghala

Barua za safari hii karibu zote zinailaumu kamera. Nimefungua na kufunga kamera za watu kwa miaka mingi, na nitaitetea leo: mara nyingi kamera ilishamaliza kazi yake vizuri, picha ikapatikana, maafa yakaja baadaye kwenye kadi au kwenye diski. Tuanze na aliyelia zaidi.

Mwanangu wa miaka mitatu alichezea kamera wakati nimegeuka kidogo tu. Aliponirudishia, kioo kinasema hakuna picha. Zilikuwemo picha 312 za mahafali ya mdogo wangu. Mume wangu anasema nipige mbili tatu nione kama kadi bado nzima. — Mama wa Mtundu

Dada, pole sana. Mwambie shemeji atulize mikono. Toa kadi kwenye kamera sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili, maana hiyo picha moja ya "kujaribu" inaweza kwenda kulala juu ya ile ya mdogo wako akipokea cheti.

Ndani ya kadi, kwa lugha nyepesi, kuna daftari la orodha na kuna uwanja wa picha zenyewe. Ukifuta picha, kamera haiendi uwanjani kufyeka. Inafungua daftari, inaweka alama kwamba nafasi ile iko huru, basi. Hata ukifomati, yaani kuisafisha kadi yote kwa mpigo, kwa njia ya kawaida, inachofanya ni kuanzisha daftari jipya. Picha bado zipo palepale. Zitakaa hivyo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. (Zipo kamera zenye fomati ya kina, inayopita kadi nzima na kuchukua muda zaidi. Tuombe mtoto hakuifikia hiyo.)

Najua haya kwa sababu yamenikuta. Nilifuta picha za baba akitimiza miaka 70, nikiamini nimeshazihamisha, kisha nikaendelea kupiga picha za mvua dirishani, kama 40 hivi. Mvua! Nilipogundua na kuanza kuokoa, picha moja ilirudi hivi: kofia ya baba, paji la uso, macho yake mawili, na kuanzia puani kwenda chini kijivu kitupu. Ninayo hadi leo. Nyingine 22 hazikurudi kabisa.

Kwa hiyo tafuta kompyuta na kisoma kadi. Ukichomeka, kompyuta ikikuuliza kama unataka kuifomati, kataa. Pakua programu iitwayo PhotoRec. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Sura yake si ya kuvutia, ni maandishi meupe kwenye kioo cheusi, usiogope. Yenyewe haina haja na daftari: inapita uwanjani kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo kila picha ya JPEG, aina ya faili inayotumiwa na kamera nyingi, huanza nazo. Itakapokuuliza ihifadhi wapi inachookota, chagua folda ya kompyuta. Usichague kadi yenyewe, la sivyo utakuwa unachota maji kisimani na kuyamwaga humohumo. Picha zitarudi na majina ya ajabu, herufi f ikifuatwa na tarakimu ndefu, kwa sababu majina yalikuwa kwenye daftari lililopotea. Tarehe na saa ya kupigwa, hata hivyo, kamera huziandika ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo unaweza kuzipanga upya.

Ikiwa baada ya mtoto hakuna aliyebonyeza kitufe cha kupigia picha, mimi nina matumaini makubwa. Niandikie tena.

Nimenunua kadi iliyoandikwa GB 64. Kompyuta inanisomea 59.5. Nimefundisha hesabu miaka 34, na hesabu hii siielewi. Nani amekula zilizobaki? — Mwalimu Mstaafu

Shikamoo, mwalimu. Hakuna aliyekula, ni watu wawili wanaopima kwa vipimo tofauti na kuviita jina moja. Aliyetengeneza kadi anahesabu GB moja, yaani gigabaiti, kuwa baiti 1,000,000,000. Windows inapiga 1,024 × 1,024 × 1,024, inapata 1,073,741,824, na hiyo nayo inaiita GB. Gawanya bilioni 64 kwa tarakimu hiyo ndefu upate takriban 59.6, kilichopungua hapo kimechukuliwa na lile daftari nililomweleza Mama wa Mtundu. Kadi hiyohiyo ukiichomeka kwenye Mac itakusomea karibu 64, kwa kuwa Apple walianza kuhesabu kama watengeneza kadi mwaka 2009.

Lakini umenigusa penye kidonda. Kadi feki haikosi GB nne, mwalimu. Feki hujitambulisha kwa ukubwa wote ilioandikiwa, huku chipu ya ndani ikiwa ya GB 8 tu. Picha za mwanzo zinaingia vizuri. Nafasi ikiisha kamera haiambiwi kitu, inaendelea kuandika, na zinazofuata ama zinapotea ama zinakanyaga zilizotangulia. Unakuja kugundua baada ya sherehe. Kuipima kuna dawa moja tu, kuijaza yote kisha kusoma kilichoandikwa, kwa programu: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Itachukua muda, pengine masaa, na kadi iwe tupu. Mimi sipeleki kadi mpya kazini kabla haijapita mtihani huo. Wewe mtihani unaujua kuliko mimi.

Kamera inasema kadi imefungwa. Kile kiswichi cha pembeni kimeng'oka kikapotea. — Msomaji wa Siku Nyingi

Kiplastiki hicho hakijaungana na chochote ndani ya kadi. Kamera inapapasa tu ukingoni kujua kama kipengo kimezibwa, na kwako kiko wazi, kwa hiyo inadhani umefunga. Ziba kipengo kwa kipande chembamba cha selotepu, usiguse zile bati za dhahabu, na hakikisha ncha haijainuka isije ikabaki ndani ya kamera. Hamisha picha, kisha kadi hiyo ustaafishe.

Diski yangu ya nje ina picha zote tangu 2016. Imeanguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi. Sasa inalia tk-tk-tk na kompyuta haiioni. Rafiki ananiambia niiweke kwenye friza usiku mmoja. — Mpiga Picha za Harusi

Kaka, friza ni ya barafu. Ukiitoa humo, unyevu utatanda ndani yake na utakuwa umeongeza ugonjwa. Ndani ya diski hiyo kuna sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nanomita chache. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko pengo hilo mara maelfu. Ilipoanguka ikiwa inazunguka, kichwa kimepoteza njia au kimegusa sahani, na mlio huo ni kichwa kikijaribu na kushindwa. Kila ukiichomeka unaweza kuwa unaikwaruza zaidi. Ichomoe. Usiitikise, usiifungue hata kama una bisibisi ndogo nzuri. Wapo wataalamu wanaofungua diski kwenye vyumba visivyo na vumbi. Gharama yao ni kubwa, kwa hiyo kabla ya kuwatafuta, pitia kwanza simu, kompyuta za zamani na picha ulizowahi kuwatumia wateja. Utashangaa ni ngapi utazikuta huko.

Kuhusu kesho: mimi sifomati kadi mpaka nimezifungua picha zake, kwa macho yangu, kwenye diski mbili. Moja inakaa kwangu, nyingine kwa dada yangu, ambaye kila mara ananiuliza hiki kijisanduku ni cha nini.

Nimekuta kamera ya zamani kwenye droo, ina kadi ndogo ya xD. Hakuna kisoma kadi kinachoipokea. — Mdadisi

Kadi za xD zilianza 2002 kwa mkono wa Olympus na Fujifilm, zikaishia GB 2, na visoma kadi vingi vya leo havizijui. Ila msomaji wake unaye mkononi: ni kamera yenyewe. Angalia kwanza betri haijavimba wala kuvuja, ichaji au weka nyingine, kisha tumia waya wake wa USB na ufungue folda iitwayo DCIM. Tarehe zikisomeka za ajabu usishangae, saa ya ndani ilishazimika kitambo.

Yangu ya droo ilikuwa na picha tatu: paka, kidole changu, paka tena.