"Upigaji picha usio vamizi wa uso na taya": hapa tusemeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha baolojia sekondari, sasa natayarisha maelezo ya Kiswahili kuhusu wataalamu wanavyochunguza uso na taya kwa mashine, kuanzia mgonjwa wa meno mpaka mafuvu ya kale kama lile la Zinjanthropus. Nimekuta tafsiri imeandikwa "upigaji picha usio vamizi wa uso na taya", nikawasomea wanafunzi wakanitolea macho tu. Ni sahihi? Na mashine zote niseme ni za mionzi? Alafu taya ni langu au yangu?

JIBU: Marahaba mwalimu. Hao wanafunzi wako hawana kosa lolote, hata mimi ningekutolea macho.

Tuanze na hilo "vamizi". Anayevamia ni jambazi, ni nzige, ni magugumaji yale ya Ziwa Victoria, na ndo maana "mimea vamizi" inaeleweka vizuri kabisa, hapo sina ugomvi. Ila daktari akikuchana ufizi atoe gego lililolala hajakuvamia bana, umeenda kwa miguu yako na umelipa! Mgonjwa akitoka pale anasema "wameona tatizo bila kunipasua", basi, neno lenyewe ndo hilo, lipo mdomoni mwa watu siku zote sijui kwa nini mtafsiri alilipita. Wengine wanakimbilia "bila maumivu", ambayo kwa mgonjwa inaweza kupita ila jaribu kuipeleka kwenye hayo mafuvu uone. Fuvu la Zinjanthropus aliliona mtafiti Mary Leakey pale Olduvai, Tanzania, mwaka 1959, lina umri wa zaidi ya miaka milioni moja na laki saba, sasa hilo litaumia nini? Wasiwasi ni kwamba ukilikata umeharibu kitu ambacho huwezi kukipata tena, alafu lenyewe liliokotwa bila taya la chini, na halikujulikana lilivyokuwa mpaka Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku wa Kenya, alipookota taya la jamii hiyohiyo kule Peninj, karibu na Ziwa Natron, mwaka 1964. Kwa vitu vya namna hiyo siti skani (CT scan) ni mkombozi kwa sababu inakuonyesha mizizi ya meno iliyojificha ndani ya mfupa, unene wa mfupa wenyewe, uwazi ulioko nyuma ya mashavu, na hakuna mtu aliyeshika msumeno. Kwa hiyo "bila kupasua" inakufaa kotekote, na kwenye mafuvu ukitaka sema "bila kukata".

Kuna mtego mwingine kwenye hiyo tafsiri nao hukuuliza. "Picha ya uso" kwa Mswahili ni ya pasipoti. Ukimwambia mwanafunzi wataalamu walipiga picha ya uso atawaza simu na kutabasamu, sasa we sema picha ya mifupa ya uso, au ya ndani ya uso, umemaliza.

Mionzi je? Hapa watu wanachanganya sana na siwalaumu, maana mlangoni pale hospitali kibao kinasema mionzi na ndani kuna mashine za kila aina. Eksirei ni mionzi, ile aliyoigundua Röntgen kule Ujerumani 1895. Siti skani ni eksirei hiyohiyo inayozunguka kichwa, kompyuta inaunganisha vipande. Lakini MRI inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio, na ultrasaundi ni sauti ambayo sikio halisikii, sasa ukiziita zote mionzi utamtia mtu hofu ya bure, na wapo wanaoogopa ultrasaundi kwa sababu ya neno hilo tu. Jina la jumla tumia "vipimo vya picha". Tena kila kimoja kina kazi yake, mfupa na jino ni eksirei, ila pale mbele ya sikio kwenye kiungo cha taya kuna kisahani laini kinachokaa kati ya mifupa miwili, hicho eksirei haikioni, MRI ndo inakiona. Tezi za mate na misuli ya kutafunia hata ultrasaundi inatosha kuanzia.

Usiandike kila mahali "kupima taya" ukimaanisha kuchunguza. Kupima kweli kupo, wale wa kunyoosha meno wana eksirei ya upande ambapo kichwa kinashikwa kisisogee, walioianzisha ni Broadbent wa Marekani na Hofrath wa Ujerumani, kila mmoja kivyake mwaka 1931, na juu ya picha hiyo wanapima pembe na urefu kwa namba, mtoto akirudi mwakani wanalinganisha. Hapo andika kupima bila wasiwasi. Kwingine andika kuchunguza.

Na kama mwanafunzi akikubishia kwamba mgonjwa hawezi kusema "nimepiga eksirei" kwa vile aliyepiga ni mtaalamu, muulize shati lake kashona nani. Tunasema nimeshona shati, nimenyoa nywele, na fundi yupo pembeni anatusikia. "Nimepigwa eksirei" nayo inasikika, sawa, ila usije ukaifupisha ukasema "nimepigwa taya" maana hapo tutauliza mlikuwa mnagombania nini.

Mwisho taya. Mimi naandika taya langu, taya la juu, taya la chini, yakiwa mengi mataya. Utasikia "taya yangu" na watu wazima wanaojua Kiswahili wanaisema, kwenye maongezi siikati, ila kwenye maelezo ya darasani chagua moja uende nayo mpaka mwisho. Sentensi yako ningeiandika hivi: "Kuchunguza mifupa ya uso na taya kwa vipimo vya picha, bila kupasua."